Dawa za mama: Tukuyu hadi Birmingham

Swali

Mwagonile ndugu zangu. Mama anakuja mwezi wa 7 kwa wiki 6: uwanja wa ndege wa Songwe (Mbeya), Dar, Dubai, Birmingham. Ana kisukari, anachoma insulini yuniti 30 kwa siku. Anameza amlodipine ya presha na tramadol ya magoti. Vidonge vyote viko kwenye vibahasha vya duka la dawa. Avipitishe vipi uwanjani?

Jibu: mfamasia, Leicester

Dada, hongera kwa kumleta mama. Anza na hivyo vibahasha, maana ndivyo vinavyokwamisha watu kuliko mashine yoyote. Karatasi ya vidonge imekatwa kwa mkasi, jina la dawa limebaki kwenye kipande alichopewa mgonjwa mwingine, na juu ya bahasha pameandikwa kwa kalamu "1×1" basi. Afisa atajuaje kwamba ni ya presha? Nunueni boksi zima, lenye jina, nguvu ya dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama anameza kimoja kwa siku, siku 42 ni vidonge 42. Abebe 56, kwa sababu ndege huahirishwa.

Kisha barua ya daktari, kwa Kiingereza, yenye sahihi na mhuri: tarehe za safari, kila dawa kwa jina lake la kitabibu, dozi, na idadi anayobeba. Jina la mgonjwa liandikwe herufi kwa herufi kama pasipoti. Kadi ya kliniki ikisema "Mama Neema" na pasipoti ina majina matatu, hizo zinasomeka kama karatasi za watu wawili.

Insulini, kichupa cha ml 10 kina yuniti 1,000. Wiki 6 ni yuniti 1,260, kwa hiyo viwili vinatosha; cha tatu ni cha akiba, kioo huvunjika. Kikishafunguliwa, kwa insulini nyingi mwisho ni siku 28 hivi. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Vyote viende mkononi. Kwenye begi la chini ya ndege insulini inaweza kuganda, na ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Sindano ziwe pamoja na insulini yenyewe, asizitenganishe.

Kanuni ya ml 100 kwa vimiminika haizuii dawa ya lazima, ila chupa inayozidi kipimo hicho aitaje kabla begi halijaingia kwenye mashine, akiwa na barua mkononi. Sukari ikishuka njiani asitegemee juisi, inaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi. Abebe pipi au glukosi ya vidonge.

Jibu: muuguzi, Dubai

Mimi nazungumzia hiyo tramadol. Uingereza ni dawa inayodhibitiwa. Kwa akiba isiyofika miezi 3, barua inatosha. Hapa Imarati nayo inadhibitiwa, na kibali huombwa mtandaoni kwa mamlaka za huku kabla ya safari. Msijipe moyo kwamba mama anapita tu: ndege ya pili ikikosekana akapelekwa hotelini nje ya uwanja, ameingia nchini na dawa zake. Mwone daktari mapema, aangalie kama kuna mbadala. Asiiache ghafla mwenyewe, mwili ulioizoea hupata shida.

Jibu: Iringa, sasa Reading

Kamwene. Naongezea ya huko nyumbani. Julai Tukuyu na Mbeya ni baridi, insulini haitaharibika mezani, lakini isilale kwenye gari usiku wa umande mkali. Hatari kubwa ni Dar, na zaidi kama ukungu wa Songwe utawalazimisha kupanda basi: dashibodi ya basi ikipita Morogoro mchana ni jiko. Chukua chupa ya chai ndogo, ipoze kwa maji baridi, mwaga, kausha, weka vichupa vimefungwa kwenye kitambaa. Barafu isiviguse.

Ndege ndogo ya Songwe ikijaa, begi la mkononi huweza kuchukuliwa mlangoni kwenda chini. Kwa hiyo dawa, barua na kipimo cha sukari vikae kwenye kipochi kimoja cha kuvaa begani, kitoke kwa mkono mmoja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo vidonge msivifungie kwenye rambo. Kipochi cha kitambaa kinafaa.

Swali

Ahsanteni sana. Na asali, na unga wa mlonge?

Jibu: mfamasia, Leicester

Asali inahesabiwa kimiminika. Ikizidi ml 100 iende begi la chini. Mlonge uliofungwa kwenye gazeti bila lebo, uacheni nyumbani. Na saa za kuchoma zisikusumbue: Julai Birmingham iko nyuma ya Tanzania kwa saa 2 tu. Ila mwulizeni daktari kuhusu dozi ya siku yenyewe ya safari, kwa sababu chakula cha ndegeni hakifuati saa zake.