Mjadala: Jacob Bethell abaki mpigaji namba 3 wa England au ashushwe namba 5/6 akomae kwanza?

Wadau wa kriketi, wachache tulivyo, hebu tulimalize hili maana kila England wakipigwa linaibuka upya. Walienda Australia kwa Ashes ya 2025-26, ule mfululizo wa mechi tano za England na Australia, wakachapwa 4-1, na kitu kimoja cha maana walichorudi nacho ni huyu kijana wa miaka 22, Jacob Bethell, mzaliwa wa Barbados aliyepelekwa Uingereza kusoma akiwa bado mdogo, anapiga kwa mkono wa kushoto. Sydney, Januari 2026, zamu ya pili, kapiga mikimbio 154 wakati timu nzima ilitoka na 342. Sasa watu wamegawanyika, wengine wanasema namba 3, yaani mpigaji wa tatu kuingia, ishapata mwenyewe, na wengine mnasema mnamchoma mtoto, mshusheni namba 5 au 6 wakubwa wapambane na mpira mpya kwanza.

Mimi nasema abaki hapo hapo 3. Na sio kwa sababu ya ile 154, ningesema hivi hata angetoka na 15.

Kwa wale msiofuatilia sana hizi mechi za siku tano niwaweke sawa kidogo. Mpira ukiwa mpya ni mgumu, mshono umesimama, unapinda hewani na ukigusa chini unaweza kwenda popote. Ukishapigwa ova 25 au 30 (ova moja ni mipira sita) unalainika, warushaji wameanza kuhema, na mpira mwingine mpya haupatikani mpaka ova ya 80. Kwahiyo namba 5 mara nyingi anaingia vumbi limeshatulia, lakini namba 3 anaweza kuitwa mpira wa pili tu wa mechi. Timu yenye wafunguzi wazuri, wale wawili wanaoanza kupiga, namba 3 anakaa na pedi zake saa nzima anatazama mechi. Hii ya England, wafunguzi wake Crawley na Duckett walivyokuwa wakitoka mapema kule Australia, namba 3 ni mfunguzi wa tatu, tusidanganyane. Hiyo hiyo Sydney Crawley alitoka ova ya kwanza, yani Bethell kakutana na Starc, mrushaji wa kasi wa Australia, na mpira wa moto kabisa halafu akakaa hapo mpaka siku ya mwisho.

Sasa hoja yenu kubwa, mmeirudia sana, ni kwamba namba 3 wakali wote walianzia chini. Kweli. Ponting wa Australia alianza Perth mwaka 1995 akiwa namba 5 akapiga 96. Dravid wa India alianza Lord's 1996 akiwa namba 7 akapiga 95. Williamson wa New Zealand, Ahmedabad 2010, namba 6, mia moja na thelathini na moja mechi ya kwanza. Sawa wakuu, lakini mmeangalia waliokuwa juu yao? Hiyo mechi ya Ponting, Slater kapiga 219, Taylor 96, Mark Waugh 111, Australia wakafunga zamu na 617 kwa wiketi 5, yani wapigaji watano tu wametoka. Dogo aliingia warushaji wa Sri Lanka wanatamani kwenda kulala! Ukiwa na timu kama hiyo hata mimi nakubali, muweke mtoto chini ajifunze taratibu. England hawana hicho kivuli. Ukimweka namba 6 England hii ataingia mikimbio 80 kwa wiketi 4, na mpira bado una ova 20 tu, umemsaidia nini?

Tena alishawekwa chini. The Oval, mechi na India mwaka 2025, kapteni Stokes ameumia, Bethell akaingia namba 6, akapata 6 na 5, England wakapoteza kwa mikimbio 6. Mtaniambia hakuwa na mechi miguuni, na ni kweli kabisa, karibu msimu mzima alikuwa anabeba maji tu. Lakini basi msiniambie namba 6 ni mahali salama, hamna mahali salama kwa mtu ambaye hajacheza. Linganisheni na New Zealand mwishoni mwa 2024, hana hata mia moja (mikimbio 100 kwenye zamu moja) ya daraja la kwanza maishani mwake, anatupwa namba 3 moja kwa moja, mechi tatu anapata 50 bila kutoka, 96 na 76. Mechi ni chache najua, siwezi kujenga nyumba juu yake.

Kinachonifanya nishikilie msimamo ni Joe Root wa England. Watu wa sasa wanamjua Root mwenye mikimbio zaidi ya 13,000 ila mmesahau walivyomzungusha. Desemba 2012, Nagpur, ana miaka 21, namba 6, kapiga 73 kwa mipira 229, katulia kama babu. Mei 2013 Headingley namba 5, mia yake ya kwanza. Wiki chache baadaye mfunguzi Compton kaachwa, Root kapandishwa kufungua mchezo dhidi ya Australia. Lord's kapiga 180 kila mtu akasema tumepata, kumbe series nzima alimaliza na 339, yani zamu tisa nyingine zote ukizijumlisha ni 159. Wakaenda Australia, Brisbane karudishwa namba 6, Trott aliyekuwa namba 3 akarudi nyumbani kwa sababu za afya, Root kapandishwa 3 pale Adelaide, zamu ya pili kapiga 87, na kufika Sydney Januari 2014 wakamuacha nje kabisa, England wakafungwa 5-0. Sehemu nne ndani ya mwaka mmoja na kidogo, halafu benchi! 2014 wakamrudisha namba 5 dhidi ya Sri Lanka, Lord's hiyo hiyo, kapiga 200 na hakutoka.

Najua mtaruka hapo, unaona, namba 5 ndo ilimponya. Mimi naona kilichomponya ni kwamba walimuacha atulie. Hata Konstas wa Australia mnaemtaja kama mfano wa mtoto aliyechomwa, angalieni vizuri. Miaka 19, Melbourne Desemba 2024, kampiga Bumrah wa India kwa mapigo ya kuokota nyuma ya wiketi, 60 kwa mipira 65. Mechi inayofuata anacheza, ziara ya Sri Lanka hayumo kikosini cha kwanza, katikati ya 2025 anarudishwa West Indies anapata mikimbio 50 kwa zamu sita, nje tena. Leo wewe ndo mfunguzi, kesho kaa, kesho kutwa njoo. Mtu mzima tu anachanganyikiwa.

Kuna mdau kamleta Gill wa India, na hapo kidogo nimebanwa. Gill mwenyewe ndo aliomba kutoka kufungua aende 3 kule West Indies 2023 ili Jaiswal afungue, akahangaika hapo muda, halafu 2025 akaenda namba 4 akiwa kapteni, mechi tano England akapata 754, ikiwemo ile 269 ya Edgbaston. Namba imembadilisha mtu, siwezi kubisha. Ila Gill alipata namba 4 kwa sababu Kohli kastaafu, kiti kilikuwa wazi. England namba 4 kakaa Root, 5 Brook, 6 Stokes. Nani anaondoka?

Ati na sisi huku tuna ya kwetu, mnakumbuka Collins Obuya wa Kenya? Nairobi 2003 kwenye Kombe la Dunia alikuwa mrushaji wa spini, kawaua Sri Lanka na wiketi 5 kwa mikimbio 24. Bangalore 2011 huyo huyo kasimama mbele ya Australia na bati kapata 98 bila kutoka. Kwahiyo sisemi mtu hawezi kubadilishwa, anaweza, lakini ile ni miaka minane, sio wiki nane.

Hoja ngumu kuliko zote, na nashangaa hakuna aliyeileta, ni mpira wenyewe. New Zealand na Australia wanatumia mpira wa aina ya Kookaburra, ule mshono wake unakufa mapema. Nyumbani England wanatumia Duke, mshono mkubwa, unapinda mpaka ova ya 40 na zaidi. Mpaka ile Sydney, mikimbio yote ya Bethell ya namba 3 ilikuwa ya Kookaburra! Na The Oval, ambako kulikuwa na Duke, alipata 6 na 5. Hili linanitia wasiwasi kuliko umri wake. Lakini dawa yake sio kumshusha, kwa Duke hata namba 5 anakutana na mpira unaocheza. Dawa ni acheze mechi za siku nne na Warwickshire, timu yake ya county (ligi ya ndani ya England), kule Aprili na Mei, baridi, mawingu, nyasi ya kijani, apigwe kwenye pedi, adakwe na wale wa slipu nyuma yake, arudi tena wiki inayofuata. 2025 Mei alikuwa IPL, ligi ya India ya mechi fupi, akakosa Test (mechi ndefu ya kimataifa) ya Zimbabwe, Pope akapiga 171 kwenye nafasi hiyo, na Bethell akaanza kubeba maji. Mkitaka kulaumu kitu laumuni ile kalenda, namba 3 mmeionea.

Sasa nyie wa ashushwe, msinijibu tena kwa "watafute mtu". Nipeni jina. Pope? Ashes hii mechi tatu, zamu sita, mikimbio 125 halafu akaachwa Melbourne. Root? Ana miaka 35, anapenda 4 na kila mtu anajua, mnataka kumtoa mpigaji wenu bora mahali anapofanya kazi ili mtoto akae kivulini? Kama mna mwingine wa county mwekeni hapa na mtueleze anafanya nini mpira ukiwa na ova moja.