Nyoka wa kijani mikoroshoni: mnawatofautisha vipi?

MkulimaTandahimba: Wakuu, salamu. Tumeanza kupulizia salfa na vijana wameshakutana na nyoka wa kijani. Mmoja anadai ni koboko wa kijani, mwenzake anasema ni ukukwi tu, asiye na sumu, aachwe ale mijusi. Jana akaonekana wa kahawia mti uleule. Rangi inatosha kuwajua?

Msangamkuu: Haitoshi, mkuu. Huyo wa kahawia anaweza kuwa bumslangi jike, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu kali. Dume mara nyingi ni kijani, jike kahawia, na watoto ni wa kijivu wenye macho ya kijani kinachong'aa. Kwa hiyo hao wawili huenda ni aina moja. Tazama kichwa: cha bumslangi ni kifupi na butu, jicho kubwa mno, na magamba yana mstari ulioinuka katikati hivyo mwili unaonekana mkavu. Koboko ana kichwa kirefu chembamba, magamba laini, kijani kitupu toka kichwani hadi mkiani, na mkubwa hukaribia mita 2.

BintiKilwa: Kaka Msangamkuu, jicho peke yake litawaponza watu, maana ukukwi naye ana macho makubwa. Huku pwani wengi wana vidoa vyeusi juu ya kijani, na mwili mwembamba kama kamba ya viatu. Lakini mtoto wa koboko pia ni mwembamba, kijani chake kinaelekea bluu. Mwembamba asishikwe.

TichaNachingwea: Rangi imewachanganya hata mabingwa. California kuna nyoka wa jenasi (kundi la ndugu wa karibu) ya Lampropeltis: wengine wana pete nyeusi na nyeupe, wengine mstari mgongoni. Walihesabiwa aina mbili, mpaka miaka ya 1930 Laurence Klauber, mtaalamu wa nyoka, alipoonyesha kuwa mayai ya mama mmoja huangua wa pete na wa mstari pia. Siku hizi wafugaji wanawapandisha kwa kuchagua rangi, kwa hiyo wa kufugwa ndiyo kabisa, rangi haikuambii asili yake.

MkulimaTandahimba: Kijana anasema wa kahawia alikuwa na kichwa kifupi na macho makubwa. Akimgonga mtu, tofauti ina maana gani?

NesiMasasi: Ina maana kubwa, ndugu yangu. Sumu ya koboko hupiga mishipa ya fahamu, pumzi inaweza kukata haraka. Ya bumslangi huzuia damu kuganda; mtu anaweza kushinda saa nyingi akijiona mzima. Karl Schmidt, bingwa wa nyoka wa Chicago, aligongwa na bumslangi mdogo mwaka 1957, akafa kesho yake. Dawa nazo ni tofauti: ile ya mchanganyiko (ya sumu za nyoka kadhaa) kutoka Afrika Kusini inatibu koboko, haitibu bumslangi, ambaye ana dawa yake. Kwa hiyo hospitali usiseme "nyoka wa kijani" ukanyamaza. Eleza kichwa, unene, urefu, au onyesha picha iliyopigwa kwa mbali. Msichanje, msifunge kamba; mgonjwa asitembee, na asiambiwe asubiri eti hana maumivu.