Komenti inasema "aina zimeshakaguliwa". Zimekaguliwa na nani?

Kijana wa Mikindani:
Wakuu, salaam. Naandika lugha ndogo ya kupigia hesabu za korosho, kompaila (ya kuitafsiri programu) na intapreta (ya kuiendesha), vyote kwa lugha ya Python. Jana nilimjaribishia mama mdogo kule Tandahimba: magunia 3, kila moja kilo 80. Badala ya 240 ikatoka 808080. Mama mdogo akanitazama tu.

Juu ya sehemu ya kuzidisha kwenye intapreta niliwahi kuandika komenti hii, yaani maelezo ya msomaji ambayo kompyuta huyaruka ("aina" ni kama thamani ni namba au maandishi):

`# aina zimeshakaguliwa, usikague tena`

Kwa kuiamini, siku nzima sikupagusa pale. Komenti ni ya uongo, au mkaguzi wa aina ndiye mbovu?

Fundi Masasi:
Hiyo 80 umeiandika ndani ya programu au inasomwa?

Kijana wa Mikindani:
Inasomwa kwenye faili, kwa amri ya lugha yangu, soma(). Nimeitangaza kuwa inarudisha Namba.

Fundi Masasi:
Basi ni hapo. Mkaguzi hupita kwenye mti wa programu (programu iliyochambuliwa kuwa matawi) kabla haijaanza kuendeshwa, faili lako hajaliona. Kaona tangazo, kaliamini. Kilichoingia ni maandishi, na Python ukizidisha maandishi kwa 3 inayarudia mara tatu bila kulalamika. Hata vidokezo vya aina vya Python yenyewe, vilivyowekewa utaratibu rasmi toleo la 3.5 mwaka 2015, havikaguliwi programu ikiwa inaendeshwa.

Geuza kuwa namba humo humo ndani ya soma(). Ikishindikana, isimame na itaje mstari wa faili. Komenti nayo imtaje aliyekagua na asichokigusa:

`# kagua_aina() imeshapita mti wote kabla ya hapa.`
`# Thamani za nje hukaguliwa ndani ya soma(), si hapa.`

Binti Lindi:
Mimi ningeweka na assert (mstari unaosimamisha programu sharti lisipotimia) pale kwenye kuzidisha, maana komenti haiendeshwi. Ila Python ikiwashwa na chaguo la -O, assert zote hazifanyi kazi, kwa hiyo data ya mkulima usiilinde kwa hiyo. Na angalia, kaka: ukiuliza isinstance(True, int), yaani kama True (kweli) ni namba kamili, Python inajibu ndiyo.

Kijana wa Mikindani:
Imetoka 240! Asanteni sana. Nimekuta komenti kama ile kwenye kujumlisha na kulinganisha pia, naziandika upya usiku huu. Mama mdogo anapima tena Jumamosi.