Mpiga fidla mweusi wa Marekani zamani za utumwa, ni nani?

fidla_mkomani: Asalam aleikum. Mimi napiga fidla maharusini hapa Lamu, nilifunzwa na ami yangu kwa sikio tu, noti sizijui. Juzi mgeni mmoja akaniambia kulikuwa na mtu mweusi Marekani zamani za utumwa akipiga fidla na kutunga na kazi zake zikachapishwa, jina limenitoka. Kuna amjuaye?

bintilangoni: Waaleikum salam kaka. Huyo ni Francis Johnson wa Philadelphia, alizaliwa 1792 akafa 1844, hakuwa mtumwa. Alipiga fidla na tarumbeta ya vibonyezo, na mwaka 1818 George Willig akamchapishia kitabu cha dansi alizotunga. Matajiri wa kizungu ndio wakimwita kwenye dansi zao na bendi yake ya weusi watupu. 1837 akavuka na wenzake mpaka Uingereza! Lakini huko kwao 1843 walipigwa mawe karibu na Pittsburgh wakitoka kupiga shoo, hiyo iliniuma sana kuisoma.

mzee_wa_beni: Wanangu mmenikumbusha beni zetu, zile ngoma za bendi, mitaa ya Mkomani na Langoni hapa Lamu ikishindana kwa tarumbeta mpaka watu hawasemezani. Huyo Johnson alikuwa akichukua wimbo wa polepole wa mapenzi akaugeuza wa kuchezeka, kuna mtu wa wakati wake aliyeandika hivyo. Sasa si ndivyo wafanyavyo mafundi wetu wakitaka kina mama wainuke wacheze chakacha? Nyingi ya zilizochapishwa ni za piano, yale madoido aliyotia mwenyewe kwa mkono hayamo karatasini.

fidla_mkomani: Shukran sana, bibie na mzee wangu. Hilo la madoido limenigusa kwa sababu ami akifika pale kati ya wimbo hutelezesha kidole kimoja tu halafu upinde anaubana kidogo, fidla inalia kama mtu, nimejaribu miaka sita siwezi. Na sasa mkono umeanza kumtetemeka. Kesho baada ya laasiri naenda na simu nimrekodi, nitaishika karibu na vidole. Kuna ajuaye kuandika noti hapa Lamu?

bintilangoni: Kakangu anajua, alisomea Mombasa, anakuja Ijumaa. Mwambie ami asipige haraka.