Kichwa cha treni ya mfano (HO) kinaacha reli kwenye pointi: magurudumu au njia?

Reli_Nakuru: Wadau, nina kichwa cha dizeli cha treni ya mfano, kipimo cha HO (1:87), ekseli nne. Kikiingia pointi ya kushoto (pale njia inapogawanyika), bogi ya mbele, yaani fremu yenye magurudumu, inapanda reli na kuanguka. Kikirudi nyuma kinapita salama. Kikienda polepole kinalia tik, tik. Magurudumu mapya nitayapata wapi?

Ekseli_Kisumu: Usinunue kitu bado. Mlio huo mara nyingi ni wa gia ya plastiki iliyopasuka kwenye ekseli: ufa ukifunguka, meno mawili yanaachana, na gia jirani inaruka kila ikifika hapo. Nusu ekseli, vipande viwili vinavyoingia kwenye gia hiyo kila upande, nazo zinalegea. Chukua vania (kipimo cha milimita chenye taya), pima kati ya migongo ya magurudumu ya ekseli moja. HO inataka mm 14.4 hadi 14.5. Zungusha robo, pima tena. Vipimo vikitofautiana, gurudumu limekaa mshazari. Yakitanuka, kingo (midomo ya gurudumu inayoshuka upande wa ndani wa reli) zinabana reli zote mbili na kupanda. Yakikaribiana, migongo yake inabana reli fupi za ulinzi zilizo ndani ya pointi, na gurudumu linapanda.

Kibuye_OO: Na pointi pia ikaguliwe. Ukitega karatasi kati ya ulimi (reli nyembamba inayosogea) na reli kisha ukageuza pointi, karatasi haipaswi kuchomoka. Ikichomoka kuna mwanya, na mara nyingi ni punje moja ya kokoto tu. Huku kwetu kando ya ziwa plaiwudi iliyo chini ya njia nayo hufura kwa unyevu, maungio ya reli yakainuka. Ipake rangi pande zote, hata kingo.

Reli_Nakuru: Karatasi imekwama. Ekseli ya kwanza ni 14.9, zingine 14.4.

Ekseli_Kisumu: Basi ni gia, magurudumu ni mazima. Kikirudi nyuma ekseli hiyo inaburutwa tu, ndiyo maana haianguki. Gundi usijaribu, plastiki ya gia hizi haishiki. Hesabu meno, pima kipenyo cha gia na unene wa nusu ekseli, kisha agiza gia peke yake kutoka Uingereza au Marekani. Agiza nne, maana zilizobaki ni za umri uleule. Weka akiba ya VAT, 16%. Kuzifunga, sukuma nusu ekseli kwa vaisi, kidogo kidogo, vania mkononi. Nyundo hapana.

Kibuye_OO: Siku ukiagiza magurudumu yenyewe, pima kipenyo pale yanapokanyaga reli, si kwenye ukingo. Mm 11.7 kwa HO ni gurudumu la inchi 40 la treni halisi.