Meli za Kilindini: sheria ya mafuta safi ipo, mbona masizi bado?

BintiMtongwe:
Hamjambo wazee. Nakaa Mtongwe, Mombasa, karibu na maji ya bandari ya Kilindini. Kaskazi ikivuma sithubutu kuanika nguo nyeupe nje. Masizi ya meli yananasa hadi kwenye kanzu za baba. Nasikia serikali za dunia zilikubaliana meli zisichome mafuta machafu kuanzia 2020. Kenya tumo? Na nani anakagua?

Mzee wa Injini:
Tumo, mwanangu. Nimefanya kazi chumba cha injini hadi nikastaafu, nakwambia nijuavyo. Sheria ni kiambatisho cha sita cha MARPOL, mkataba wa kuzuia uchafuzi wa meli, chini ya IMO, shirika la bahari la Umoja wa Mataifa lililo London. Tangu Januari 1, 2020 salfa ndani ya mafuta ya meli isizidi asilimia 0.50, kabla ya hapo ilikuwa 3.50. Meli yenye mtambo wa kuosha moshi yaruhusiwa kuendelea na mafuta mazito yaleyale (mlango wa nyuma huo, ukiniuliza mimi).

Mkaguzi akipanda hudai stakabadhi ya mafuta, ambayo lazima ikae melini miaka 3, na chupa ya sampuli iliyopigwa lakiri. Chupa ndiyo humtoa jasho injinia mkuu. Karatasi huandikwa lolote.

Lakini hayo masizi yako, usiisingizie salfa. Gesi yake haina rangi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa: nozeli, yaani mdomo unaonyunyiza mafuta kwenye injini, imechakaa, au jenereta imebebeshwa mzigo kabla haijapata moto. Hata uitilie injini mafuta safi vipi, nozeli mbovu itakutemea masizi.

Dereva wa Changamwe:
Ngoja, mzee. Dizeli ya lori langu, kwa kiwango cha Afrika Mashariki cha 2015, salfa ni sehemu 50 kwa milioni. Asilimia 0.50 si sehemu 5,000? Yaani meli inaruhusiwa mara mia yangu, halafu barabarani nasimamishwa mimi?

Mzee wa Injini:
Hesabu yako haina kasoro, na hiyo 5,000 ndiyo wanayoiita safi. Dawa ya gatini ni meli kuzima jenereta na kuchomeka umeme wa nchi kavu. Ulaya imeshapitisha: kuanzia 2030, meli za makontena na za abiria zitalazimika kufanya hivyo kwenye bandari zao kubwa. Na sisi ndio tungefaidi zaidi, maana umeme wetu mwingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Umeme wa namna hiyo unapita juu ya vichwa vyetu, na meli iko gatini yachoma mafuta ili iwashe taa na friji!

BintiMtongwe:
Ahsante, baba. Kwa sasa nikiuona ule moshi nifanyeje?

Mzee wa Injini:
Piga picha, andika saa, halafu utafute namba ya IMO, tarakimu saba, huandikwa tezi, yaani nyuma ya meli, chini ya jina. Wapelekee KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, ndiyo inayokagua meli. Ukiwaandikia "meli moja ya buluu" hawatakujibu.