Transfoma ya priampu nusu mbili hazilingani, halafu naambiwa "ni kawaida". Kawaida ya nani?

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo nalipuka.

Nimenunua priampu ya maiki (kifaa cha kukuza sauti dhaifu ya maiki), ya njia mbili, yaani maiki mbili, tangazo limejaa sifa: transfoma halisi, sauti nzito ya zamani. Maiki ya dainamiki ikatoka safi. Nikaweka maiki ya kondensa mbele ya ngoma, nikawasha fantomu, yaani umeme wa volti 48 unaoifikia maiki kwa kebo yake ileile. Besi yote ikakwaruza kama debe lenye mchanga! Nimebadilisha kebo tatu. Nimemgombeza mpiga ngoma wa watu bure.

Nikafungua boksi. Fantomu inapita rezista moja ya omu 3,400, inaingia kwenye waya wa katikati wa transfoma. Ni mbinu ya zamani na haina ubaya, ILA nusu mbili za koili zilingane. Mkondo unagawanyika, huku na huku, usumaku wa upande mmoja unafuta wa mwingine. Nikaweka mita: omu 38 upande huu, 43 ule!

Muuzaji anasema mizunguko ni sawa, waya wa nje ndio mrefu. Haya, tukubali. Mkondo utagawanyikaje sawa? Maiki yangu nayo ina transfoma, inapokea umeme kwa waya wake wa katikati, hivyo njiani hakuna rezista ya kusawazisha chochote. Inakula miliampea 4. Kinachobaki bila kufutwa ni kama miliampea 0.1 hadi 0.2, lakini kwa kijichuma kidogo cha nikeli kilicho katikati ya transfoma hicho kinatosha kukisukuma kuelekea kujaa usumaku, na noti za chini ndizo zinazoumia kwanza. Dainamiki hainywi umeme huo, ndiyo maana ilinidanganya.

Neumann, kampuni ya maiki ya Ujerumani, waliwatengenezea watangazaji wa Norwei maiki ya KM 84 ya fantomu mwaka 1966. 1966! Nyie watengenezaji wa leo bado mnabahatisha?

Njia ya kwanza nimeirekebisha mwenyewe: waya wa katikati nimeukata, nimechomea rezista mbili za omu 6,800, nilizochagua kwa mita kutoka pakiti nzima ili zilingane, kwenda pini 2 na 3 za soketi ya maiki. Bado ikakwaruza kidogo mpaka nilipoondoa sumaku iliyobaki, kwa kupitisha mawimbi ya chini na kuyapunguza taratibu. Sasa besi imerudi.

Jibu la duka? "Umefungua, waranti imekufa."

Njia ya pili sijaigusa. Kesho naipeleka na maiki yangu, waisikie wenyewe. Mwenye priampu kama hii apime, aweke omu zake hapa.